Kisumu, Majengo, Luanda, Maseno: mzunguko wa kilomita 70 kwa baiskeli

Wengi wanaoanza kuendesha Kisumu hukwama kwenye njia ileile: Dunga, uwanja wa ndege, Kisian, halafu nyumbani. Ni tambarare na ina upepo mzuri, lakini baada ya mwezi miguu haijifunzi jipya. Mzunguko huu una takriban kilomita 70, lami mwanzo hadi mwisho, na unavuka Ikweta mara mbili. Ziwa liko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Majengo iko juu ya 1,500, kwa hiyo kilima kipo. Aliyenunua baiskeli jana asubiri. Anayemaliza kilomita 40 za tambarare bila kununa anaweza.

Kwanza, jioni ya kuamkia safari. Kagua raba za breki kabla ya kitu kingine chochote. Utaelewa sababu tukifika Maseno. Beba tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, na spana zinazoingia kwenye nati zako wewe, si za jirani.

Pili, toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapa sibembelezi mtu. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, kwa hiyo asubuhi upepo hutoka milimani kwenda majini, tena dhaifu. Jua likipanda mambo hugeuka: nchi kavu inapata moto, hewa ya ziwa inapanda kuja bara, na alasiri mawingu hurundikana juu ya vilima vya Maragoli na Maseno. Mvua yake ina radi, na mara nyingine mawe. Anayeondoka saa tatu atakutana na hayo yote akiwa bado juu.

Tatu, Kondele hadi Mamboleo. Kaa kushoto na usishindane na matatu. Mapema hivyo utapita upesi.

Nne, mlima wa Riat. Hapa ndipo watu huharibu siku yao. Mara yangu ya kwanza niliuvamia mlima kwa gia nzito, nikiwa na kaptula mpya na kiburi. Katikati nikampita mzee aliyekuwa akisukuma Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, yenye gunia la omena, nikampigia na kengele. Karibu na kileleni nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara, kifungua kinywa kimerudi kilikotoka. Mzee akanifikia taratibu. "Pole, kijana," akasema, akaendelea na omena wake.

Basi ingia gia nyepesi kabla mlima haujaanza kukubana, maana cheni ikiwa imekazwa na uzito wako haipendi kubadilishwa. Kaa kwenye siti, legeza mabega, zungusha pedali haraka haraka. Kipimo changu ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni sawa. Ukibaki na "ndiyo" na "hapana" tu, punguza.

Tano, Kiboswa, chai na mandazi. Uko mpakani mwa kaunti za Kisumu na Vihiga, na Ikweta iko jirani. Usikae zaidi ya dakika kumi, miguu itapoa. Mbele barabara inapanda na kushuka kati ya mawe makubwa ya Maragoli, mengine yamekaa juu ya mwenzake kama yaliwekwa kwa mkono. Majengo, pinda kushoto kuelekea Luanda. Ukijikuta Mbale, umepitiliza.

Sita, Majengo hadi Luanda. Kwangu hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote: mikaratusi, migomba, boma baada ya boma, na watoto wanaokimbia kando yako wakipiga kelele. Barabara ni nyembamba, kwa hiyo nendeni mstari mmoja. Sokoni Luanda shuka utembee, ununue ndizi.

Saba, mteremko. Luanda pinda kushoto. Hii ndiyo barabara ya Busia, mpaka uliotupa neno bodaboda, enzi ambazo abiria walivushwa kwa baiskeli. Siku hizi ni ya malori ya Uganda. Piga picha kwenye kibao cha Ikweta Maseno, kunywa maji, kisha jaribu breki zote mbili ukiwa umesimama.

Kutoka hapo hadi Kisian unashuka, na ziwa linajitokeza mbele. Usilitazame! Usishikilie breki mfululizo, rimu hupata moto na raba hulainika. Bana zote mbili, achia, bana tena, huku makalio yakiwa nyuma ya siti. Punguza mwendo kabla ya kona. Ukibana kwa nguvu ndani ya kona gurudumu linateleza. Matuta hukaa karibu na masoko na shule, na rangi yake mara nyingi imefutika. Lori likikujia nyuma usishtuke, shika mstari wako ulionyooka.

Kisian hadi mjini ni tambarare unayoijua.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha baiskeli

*Mwalimu, yangu ni ya mlima, matairi mapana. Itafaa?*
Itafaa, utachelewa kidogo tu. Jaza upepo ukaribie kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

*Kwa nini tusianzie Kisian tushukie Riat?*
Nimejaribu. Kupanda kwenda Maseno ni kurefu, na malori yanapanda polepole pamoja nawe, moshi wote ni wako. Halafu Riat inakumwaga Mamboleo katikati ya matatu ukiwa bado na kasi. Sirudii.

*Mvua ikinikuta Luanda?*
Usishuke. Rimu zikilowa breki hushika kwa kuchelewa. Subiri chini ya kibanda, au patana na matatu ibebe baiskeli juu. Nauli ya baiskeli ikubaliwe kabla haijapakiwa.

*Mimi ni dada, huwa naendesha peke yangu. Unashauri nini?*
Dada, kwa mara ya kwanza twende angalau watatu. Si kwa ajili yako tu, hata mimi siendi peke yangu. Pancha mbili na simu iliyozima zinatosha kumlaza mtu Luanda.

*Maji kiasi gani?*
Anza na lita moja na nusu, ujaze tena Kiboswa na Luanda. Chupa moja tia chumvi kidogo na sukari.

*Yule mzee wa omena alitumia gia gani?*
Black Mamba haina gia, ndugu. Alikuwa anasukuma.