Jinsi ya kuunda modeli ya mafuriko yaliyoijaza upya Mediterania

Miaka milioni 5.33 iliyopita, maji ya Atlantiki yalivuka kizingiti cha Gibraltar (mwinuko wa mwamba uliotenganisha bahari hizo mbili) yakamiminika katika bonde la Mediterania, ambalo wengi wetu tunaamini lilikuwa limekauka kwa kiasi kikubwa. Kuliiga tukio hilo, kompyuta ya kawaida na Python (lugha ya kuandikia programu) vinatosha, mradi usiuchukulie mfereji ambao maji yalipitia kama bomba lisilopanuka.

Hatua ya 1: Jedwali la ujazo
Kwa data ya vina vya bahari, kokotoa eneo na ujazo kwa kila kimo cha maji. Mediterania ya leo ina takribani kilomita za ujazo milioni 3.7. Tenga magharibi na mashariki: maji ya magharibi yakifika kizingiti cha Sicily (mwinuko wa chini ya bahari kati ya pande hizo mbili), hayapandi tena mpaka mashariki nako kujae.

Hatua ya 2: Mtiririko
Q (ujazo wa maji yanayopita kwa sekunde) = 1.7 × upana × kina^1.5, kwa mita na sekunde. Upana wa mita 1,000 na kina cha mita 1 hutoa mita za ujazo 1,700 kwa sekunde. Kwa mwendo huo bonde tupu lingehitaji karibu miaka 70,000, tena bila kuhesabu uvukizi. Kina kikiwa mita 100, ni miaka 70 tu.

Hatua ya 3: Mmomonyoko
Hapa ndipo penye kazi. Kokotoa nguvu ya maji kukwaruza sakafu, izidishe kwa k (wepesi wa mwamba kulika), shusha kizingiti, panua mfereji, kisha rudi hatua ya 2. Maji huchimba, uchimbaji huongeza maji. Hatua za muda (vipande vya muda ambavyo modeli husonga navyo) zibadilike zenyewe. Mimi siruhusu kizingiti kishuke zaidi ya asilimia 1 ya kina cha maji kwa mkupuo.

Hatua ya 4: Breki
Bonde likijaa kupita kizingiti, tumia tofauti ya vimo vya pande mbili. Atlantiki nayo ishushe: kujaza bonde tupu kungepunguza bahari za dunia karibu mita 10.

Hatua ya 5: Ulinganisho
Mwaka 2009, mtafiti Garcia-Castellanos na wenzake walikadiria kilele cha mtiririko cha mita za ujazo milioni 100 kwa sekunde, na maji kupanda hata mita 10 kwa siku. Usirekebishe k ili upate namba hizo, maana huko ni kunakili. Irekebishe hadi kina cha mwisho kilingane na mfereji uliofukiwa na mashapo, unaoonekana kwenye picha za mitetemo (picha za chini ya sakafu ya bahari zinazopatikana kwa mawimbi ya mtetemo). Kisha ongeza k maradufu. Kilele kisipotikisika, kagua upya hatua ya 3.