Kihisi unyevu kwenye nyanya za matone: kifunge, kisha kifundishe udongo wako

Nalima nyanya Ilula, Iringa, robo eka ya umwagiliaji wa matone inayolishwa na simtanki moja. Msimu wa kwanza nilichomeka kihisi, yaani kifaa cha kupima unyevu wa udongo, nikaweka programu niliyoikuta mtandaoni, ikaniandikia "unyevu 45%". Nikaiamini, nikaendelea kufungua koki kila asubuhi. Wiki ya tatu mimea ikawa ya njano. Nilipochimba kwa jembe, chini kulikuwa tope. Ile 45% ilipimwa kwenye udongo wa mtu mwingine. Ndiyo maana hapa chini hatua ya nne ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta kihisi cha kapasitivu, kile bapa kisicho na chuma wazi. Vile vya vijiti viwili vya chuma ni vya bei rahisi, lakini vikikaa ardhini na umeme vinaliwa na kutu, na namba zinapotea taratibu bila wewe kujua. Nunua viwili, pamoja na ubao mmoja wa ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi ndani yake), betri ya lithiamu ya saizi ya 18650 na chaja yake, paneli ndogo ya sola, kitufe cha kubonyeza, na boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Kama hujawahi kushika risasi ya kuunganishia nyaya, mpelekee fundi simu. Ni kazi ya dakika chache kwake.

Hatua ya 2: Ziba kihisi

Kingo za kile kibao zinanyonya maji, na vipande vya elektroniki vilivyo juu havina kinga kabisa. Paka kingo rangi ya kucha mara tatu, ukiacha ikauke kila mara. Sehemu ya juu, pale waya unapoingia, funika yote kwa gundi ya epoksi. Usiruke hapa, maana kihisi chetu kitazikwa chote.

Hatua ya 3: Nyaya na programu

Waya za ishara ziende pini 34 na 35 za ESP32. Pini nyingine zinazosoma volti, kama 25 na 26, huacha kusoma Wi-Fi ya ubao inapowaka, na watu wengi hupoteza siku nzima hapo. Kihisi kipate umeme wa volti 3.3.

Panga programu hivi: ubao ulale muda wote, ukibonyeza kitufe uamke, usome kila kihisi mara 20, uchukue wastani, kisha ufungue Wi-Fi yake wenyewe kwa dakika mbili ili usome namba kwenye simu. Hakuna bando wala laini. Mfano wa kufungua Wi-Fi ya namna hiyo umo tayari ndani ya Arduino, programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia maelekezo kwenye ubao, ukishaiongezea ESP32. Acha namba ghafi, kati ya 0 na 4095. Asilimia zisikushughulishe.

Hatua ya 4: Kifundishe udongo wako

Namba ikipanda udongo unakauka, ikishuka umelowa. Unahitaji namba mbili.

Ya kwanza ni udongo ulioshiba. Zika kihisi shambani, mwagilia jioni mpaka palowe vizuri, funika kwa majani makavu, usiguse kwa siku moja; udongo wa mfinyanzi upe mbili. Maji ya ziada yakishazama, soma. Kwangu ilikuwa 1,620.

Ya pili ni udongo uliokwisha. Jaza ndoo udongo wa shamba hilo hilo, ushindilie ugumu ule ule wa shambani, zika kihisi, panda mche wa nyanya. Ukishika vizuri, acha kuumwagilia. Siku za mwanzo utanyong'onyea mchana na kuinuka usiku. Subiri asubuhi utakapoukuta bado umelala. Soma hapo hapo. Kwangu: 2,350.

Tofauti ni 730. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unaruhusu nyanya itumie kama asilimia 40 ya maji yaliyo kati ya hali hizo mbili kabla ya kumwagilia. Kitunguu ni 30. Asilimia 40 ya 730 ni 292. Ukijumlisha na 1,620 unapata 1,912. Mimi nafungua koki ikifika 1,900. Ni makadirio, kwa hiyo kwa wiki mbili za mwanzo chimba kidogo, finyanga udongo mkononi, ulinganishe.

Kila kihisi kipimwe peke yake. Viwili vya duka moja havifanani.

Hatua ya 5: Kuzika

Kimoja sentimita 20 kwenda chini, kingine 40, upande mmoja wa mche, sentimita 10 hivi kutoka kwenye tundu la matone. Kilaze ubavu, upana wake usimame, ili maji yasituame juu yake. Shindilia kwa vidole. Uwazi wa hewa ukibaki, utasoma ukame usiokuwepo. Chagua mche wa kawaida katikati ya shamba.

Hatua ya 6: Kusoma

Soma alfajiri, saa ile ile, kwa sababu joto la mchana linasogeza namba. Kihisi cha juu kinakuambia lini ufungue koki. Cha chini kinakuambia lini ufunge: kikilowa zaidi kila ukimwagilia, maji yanapita mizizi na kuondoka na mbolea yako. Wakulima wa skimu ya Kiwere, hapa hapa Iringa, waliliona hilo kwa vihisi vya Chameleon vyenye taa za bluu, kijani na nyekundu, wakapunguza kumwagilia.

Mimi sasa kipindi cha baridi naruka siku mbili hadi tatu. Nyanya zinapobeba siruki ovyo, kwa sababu kukausha kisha kulowesha ghafla ndiko kunakoleta kuoza kitako.

Msimu ukiisha, ng'oa vihisi kabla trekta halijaingia. Ukizika upya baada ya kulima, rudia kipimo cha udongo ulioshiba.