Flashi, eksteno, SSD au mtandaoni? Jua kwanza kila kimoja kinakufaje

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "kaka, ninunue eksteno gani ambayo haifi?" na jibu langu huwa halimfurahishi mtu, maana haipo. Mimi kazi yangu ni video za harusi, sendofu na kichenipati, pembeni nina steshenari ndogo ya kuprinti na kutoa kopi, kwa hiyo hivi vifaa nashinda navyo, vyangu na vya wateja wanaokuja wanahema, flashi inadai ifomatiwe na presentesheni ni saa nne. Nilichokuja kuelewa ni kwamba ukiuliza kipi kizuri utazungushwa tu, wewe uliza kila kimoja kinakufaje, halafu chukua viwili ambavyo havifi kwa njia moja. Ndiyo mtindo ninaotumia mpaka leo.

Ila kabla ya kwenda dukani kaa chini uchambue mzigo wako. Muvi, miziki, programu za kuinstoo, hivyo vikipotea utavipata tena, usiviwekee hela. Tenga folda moja ya vitu visivyorudi: vyeti ulivyoskani, hati ya kiwanja, picha za watoto, hesabu za duka, kazi ya chuo, halafu raiti kliki uone ina GB ngapi. Watu wengi wakifanya hivyo wanakuta ni GB 20 au 40 tu, na walikuwa wanataka kukopa wanunue eksteno ya 4TB. Ukinunua ya 1TB usije ukarudi dukani kugombana kwa sababu Windows inakuonyesha 931GB, hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024, ni kitu kilekile.

Tuanze na flashi maana kila mtu anayo. Flashi ni ya kubebea, sio ya kutunzia. Inapotea, inafuliwa na suruali, shingo inapinda ikiwa imechomekwa kwenye laptopu, na zile za bei ya chini chipu zake ni za daraja la mwisho. Halafu kuna hili la flashi feki na hapa naomba unisikilize vizuri. Ukiona flashi ya 2TB inauzwa elfu ishirini, hiyo sio ofa aisee. Ndani wanaweka chipu ya 32GB au hata ndogo zaidi, wanachezea programu yake ya ndani ili iidanganye kompyuta kwamba ni 2TB, unakopi unaona inakubali, majina ya mafaili yote unayaona, siku unafungua, nusu hayafunguki kwa sababu ilipojaa ilianza kuandika juu ya vya zamani au ilikuwa inavitupa tu. Dawa yake ni kuijaribu siku hiyohiyo uliyoinunua kabla hujaweka kitu. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote zinaijaza flashi mpaka mwisho halafu zinasoma tena kuona kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Inachukua muda, iache usiku. Mimi muuzaji namwambia mapema kabisa, mkuu hii naenda kuijaribu ikizingua narudi nayo, akianza kujiumauma najua. Memori kadi na zile SSD za eksteno (zinazotunza kwenye chipu, bila diski ya kuzunguka) za bei ya ajabu nazo ni hivyohivyo.

Na virusi. Unaenda kuprinti sehemu, unarudi, unachomeka, folda zote zimegeuka shotikati. Usifomati! Mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Kama flashi yako ni herufi E, fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha enta, yatatokea, uyahamishe, ndipo ufomati. Wanachuo wangapi wamelia mbele yangu kwa kitu cha dakika 2.

Sasa HDD, zile eksteno za kawaida zenye diski inayozunguka ndani. Kwa GB nyingi kwa hela kidogo hakuna kinachoipita, na kwa bakapu ya kukaa kabatini ndiyo ninayoiamini. Lakini kifo chake ni kuanguka. Ndani kuna sahani zinazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinaelea kwa nafasi ya nanomita chache tu, na unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo we fikiria ikipigwa chini wakati inazunguka kinatokea nini. Mwaka 2017 nilikuwa naedit harusi, eksteno ipo mezani, mtoto wa jirani kapita mguu ukanasa kwenye waya, ikaanguka kutoka usawa wa meza tu, ikaanza tik, tik, tik. Kamera moja memori kadi zake nilikuwa sijazifuta, ya pili nilishafuta, kwa hiyo yule dada ana video nzuri sana ya kuingia ukumbini lakini ya kukata keki hana mpaka leo. Nilirudisha hela na bado nikikutana na mama yake navuka barabara.

Ukisikia huo mlio zima hapohapo, usiwashe tena "kuangalia kama imepona", kila ukiiwasha kichwa kinazidi kukwangua sahani. Na usiiweke kwenye friji, sijui nani alileta hiyo habari. Wapo mafundi wa kutoa data lakini gharama yake inaweza kuzidi bei ya eksteno yenyewe mara kadhaa.

Ukinunua HDD used, na wengi tunanunua, nenda na laptopu yako na uwe na CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kuangalia afya ya diski. Chomeka, angalia sehemu mbili: hali yake, ikisema Caution iache hata kama muuzaji anaapa, na masaa iliyowaka. Ikionyesha masaa 30,000 maana yake imewaka zaidi ya miaka 3 usiku na mchana bila kuzimwa, huenda ilikuwa kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Kwa kuwekea muvi sawa, kwa picha za mtoto hapana.

SSD yenyewe haina kinachozunguka, ikianguka unaiokota mnaendelea, na spidi yake ndiyo iliyonifanya nisirudi nyuma kwenye kuedit. Mzigo wa 200GB kupitia USB 2.0 ni kama saa moja na nusu hadi mbili, HDD kwenye USB 3.0 ile ambayo tundu lake mara nyingi ni la bluu ni kama nusu saa, SSD nzuri ni dakika 7 au 8. Tatizo ni kwamba HDD mara nyingi inaumwa kwanza, inakuwa nzito, inapiga kelele, unapata dalili, ila SSD inaweza kulala nzima ikaamka maiti, kompyuta haiioni kabisa. Jingine ni kwamba ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye HDD bado una nafasi ya kulirudisha kwa programu kama Recuva, wakati kwenye SSD ya ndani ya laptopu kuna kitu kinaitwa TRIM kinasafisha kabisa nafasi ya faili lililofutwa, ukichelewa kidogo limeenda. Na la tatu watu hawalijui, data kwenye SSD inashikwa kama chaji ya umeme, na chaji inavuja taratibu ikikaa bila kuchomekwa. Kiwango cha JEDEC, shirika linalopanga viwango vya chipu, kinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida ambayo imeshafika mwisho wa umri wake wa kuandikwa iweze kushika data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi joto 30, sasa chumba chako cha Dar mwezi wa pili kina nyuzi ngapi? Ikiwa mpya inakaa zaidi ya hapo, lakini mimi siwezi kuifungia kabatini miaka mitano nikalala usingizi. SSD ni ya kufanyia kazi.

Ukitaka kutengeneza SSD ya eksteno mwenyewe kwa kununua kesi, angalia kama yako ni SATA au NVMe, hizo ni njia mbili tofauti za SSD kuongea na kompyuta, zile ndogo za M.2 zinafanana kwa macho ila kesi nyingine inakubali aina moja tu.

DVD sina mengi. 4.7GB moja, laptopu za siku hizi hazina hata pa kuingizia, na huku pwani unyevu unazipiga ukungu. Wazee bado wananiomba DVD ya harusi nawapa, pamoja na flashi.

Mtandaoni. Hapa uzuri ni mmoja mkubwa: nyumba ikiungua, mwizi akibeba kila kitu, mafuriko yakiingia, mafaili yako yako salama mbali. Google Drive wanakupa 15GB bure lakini hizo ni pamoja na barua pepe na picha, ile ya picha bila kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021, OneDrive na iCloud 5GB kila mmoja, Dropbox 2GB. Kwa ile folda ya vyeti na hati inatosha kabisa, na mtu ambaye mzigo wake wote ni 10GB kwa kweli aanzie hapa kabla hata ya kununua kitu. Kwa mzigo mkubwa piga hesabu, 200GB kwa intaneti inayopandisha 5Mbps ni siku tatu na kitu bila kusimama, na bando lako unalijua mwenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika unakumbuka tulivyokuwa, nilikuwa na mteja anataka faili lake liko Drive na mimi namwangalia tu.

Na usidhani mtandaoni hakufi. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na waliokuwa hawana kopi sehemu nyingine walipoteza jumla. Lakini kifo cha kawaida kwetu ni cha akaunti. Umesahau paswedi, namba ya simu uliyoweka ya kuirejesha ni laini uliyoiacha miaka minne, imeshauzwa kwa mtu mwingine, basi umefungiwa nje ya nyumba yako. Leo hii ingia ubadilishe hiyo namba. Pia kusinki sio bakapu, ukifuta picha kwenye simu na mtandaoni inafutika, Drive wanakushikia siku 30 kwenye pipa la taka halafu kwisha.

Kuna mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza ile hesabu ya 3-2-1: kopi 3, aina 2 za vifaa, na 1 ikae mbali na ulipo. Mimi naifanya hivi. Nikirudi harusini usiku ule ule nakopi kwenye SSD ya kazi na kwenye HDD, memori kadi sizifuti mpaka zote mbili nimezifungua nimeona. HDD nachomoa naiweka kwenye droo, na kuchomoa ndiyo siri yenyewe, kwa sababu virusi vya kudai fidia kama WannaCry ya Mei 2017 vinafunga kila kilichochomekwa, na umeme ukirudi kwa kishindo unapiga kila kilichounganishwa. HDD ya pili iko kwa dada yangu Kibaha, kila mwisho wa mwezi tunabadilishana. Hizo HDD mbili ni za kampuni tofauti na sikuzinunua siku moja, maana zikitoka kundi moja zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Mtandaoni naweka hati na video fupi zilizokamilika tu.

Kuhusu kufomati, yaani kuchagua mfumo wa kupanga mafaili kwenye kifaa, FAT32 haipokei faili linalofika 4GB, ndiyo maana unaambiwa faili ni kubwa mno wakati unaona nafasi ipo. exFAT inakubalika Windows na Mac, ndiyo naitumia, ila uwe na adabu ya ku-ejekti kabla ya kuchomoa kwa sababu inakorapti kirahisi. NTFS ni nzuri kama unatumia Windows tu, Mac inaisoma lakini haiandiki. Flashi ya kumpa mteja mwenye TV ya zamani naikata video vipande nafomati FAT32, yaishe.

Kila eksteno nabandika selotepu nyeupe naandika kwa makapeni kilichomo na tarehe niliyoinunua, ikifika miaka minne naihamisha kwenye kazi za muvi. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi nachagua mafaili matatu hovyohovyo kwenye kila kopi nayafungua kwenye kompyuta nyingine, sio ile iliyokopi, nayaangalia mpaka mwisho. Mwezi uliopita moja liligoma, sendofu ya 2022, likacheza dakika 11 likaganda. Nikapanda daladala kwenda Kibaha, dada akanipikia, nikarudi nalo.