Jinsi ya kuandika wasifu wa babu aliyekuwa mwanamaji

Wasifu mwingi unaosomwa misibani kwetu Mwanza unafanana. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, ameacha mjane na watoto. Ukibadilisha jina tu unaweza kumsomea jirani. Babu yetu aliishi miaka 81, na zaidi ya 20 kati ya hiyo alilitumikia Jeshi la Wananchi, sehemu kubwa akiwa mwanamaji. Kamati ya msiba iliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake pale Igombe, nilitaka kila aliyemfahamu amtambue hata kama jina lake lisingetajwa. Naeleza hapa tulivyofanya, kwa sababu wazee wa rika lake wanaondoka, na kazi hii itawafikia wajukuu wengi.

Kwanza kubalianeni kwamba mtaandika mara mbili. Siku ya maziko mshereheshaji atakupa dakika tano, padri anasubiri, jua linawaka, na nusu ya ndugu bado wako njiani kutoka Ukerewe na Geita. Andika ukurasa mmoja wa siku hiyo. Wasifu wenyewe, ule wa kubaki na ukoo, uandikeni taratibu hadi misa ya arobaini, watu wakiwa wametulia na kumbukumbu zimeanza kurudi zenyewe.

Halafu tafuta sanduku. Mwanajeshi mstaafu hakosi mahali pa kuweka karatasi zake. La Babu lilikuwa la bati, la kijani, chini ya kitanda, na ndani kila kitu kilikuwa kwenye mfuko wake wa nailoni uliofungwa kwa uzi: cheti cha kumaliza utumishi, barua ya kiinua mgongo, kadi ya ubatizo, nishani zikiwa zimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Fungua mbele ya Bibi na angalau ndugu wawili, ili baadaye asitokee wa kuuliza kilikwenda wapi nini. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu. Nyuma ya picha za zamani mara nyingi kuna muhuri wa studio, na wakati mwingine mwaka. Nakili cheo kama kilivyoandikwa. Babu alistaafu akiwa Sajinitaji, na ndivyo tulivyosoma kanisani, ingawa ndugu mmoja kwa upendo alitaka apandishwe kidogo. Alikifanyia kazi cheo hicho, kinatosha kusomwa kwa sauti. Namba yake ya jeshi iacheni sandukuni.

Kuhusu miaka, usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia wowote ili umpishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analikumbuka. Sisi tulichora mstari kwenye kadibodi na kuweka alama: Uhuru 1961, JWTZ kuundwa 1964, Azimio la Arusha 1967, Kamandi ya Wanamaji kuanzishwa 1971, Vita vya Kagera 1978 na 1979, MV Bukoba kuzama 1996, Mwalimu kufariki 1999. Kisha kila kumbukumbu ikatafutiwa nafasi yake. Bibi alisema Babu aliwahi kuja likizo na sukari ya kilo mbili, akapokewa kama mfalme, maana madukani sukari ilikuwa haionekani, na shangazi yangu alikuwa bado ananyonya. Kadi ya kliniki ya shangazi inasema alizaliwa 1982. Likizo ile ikapata mwaka wake hapo hapo, na kisa cha sukari kikaingia kwenye wasifu pamoja nayo.

Sehemu ya jeshi ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu wazee hawa hawakuyasema mengi nyumbani. Unahitaji wenzake. Uliza kwa wanajeshi wastaafu wa mtaani kwenu au kwa watu wa MUWAWATA, muungano wao. Mara nyingi aliyekuwa kikosi kimoja na babu yako anaishi umbali wa daladala moja. Wa kwetu tulimpata Buswelu. Nenda mwenyewe, usipige simu. Amkia, kaa, kunywa chai, peleka ile picha ya zamani na umpe mkononi kabla hujauliza lolote. Mimi nilisema tu, "Shikamoo mzee, huyu wa pili kutoka kushoto ni Babu." Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaisogeza picha kwenye mwanga, akaanza kutaja majina kutoka kushoto kwenda kulia, na kila jina akaliongezea: huyu alikuwa fundi mitambo, huyu alitangulia, huyu alikuwa hawezi kula samaki. Alipofika kwa Babu akasema, "Huyu alikuwa anakagua kamba." Simu yangu ilikuwa inarekodi juu ya stuli, nimeilaza kwenye kanga iliyokunjwa ili isidake milio ya vikombe. Baada ya pale sikuwa na kazi ya kuuliza, ilikuwa kazi ya kusikiliza.

Kutoka kwake tulijua mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Kwamba pale kambini Kigamboni, enzi za boti za doria za Kichina, Babu alikuwa na zamu ya sitaha na hakumwachia mtu akague kamba za kufungia boti gatini badala yake. Kwamba mtoto wa ziwani kama yeye alisumbuliwa na mawimbi ya bahari wiki za mwanzo, akawa anakula ndizi mbichi za kuchemsha tu mpaka mwili ulipozoea. Kwamba usiku wa zamu aliimba nyimbo za makasia za Kikerewe kwa sauti ya chini, na vijana wa pwani wakamzoea. Hayo ndiyo ya kuandika. "Alifanya kazi kwa bidii na uadilifu" kila marehemu anasomewa. Anayekagua kamba usiku akiimba Kikerewe ni mmoja tu.

Kwenye vita, kuwa mwangalifu zaidi. Historia ya jumla unaweza kuieleza kwa sentensi mbili ili wajukuu waelewe: majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza Novemba 2 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, na siku hizo hizo daraja la Kyaka likavunjwa. Halafu sema babu yako alikuwa wapi, kwa kadiri shahidi alivyosema, basi. Usimpeleke Kampala kama hakufika. Wanaotazama ramani wanaona kwa nini ziwa lilikuwa muhimu wakati ule: ukitoka Mwanza kwenda Bukoba, meli ni usiku mmoja, na askari na vifaa vilipita majini. Babu alikuwa sehemu ya kazi hiyo, na mzee wa Buswelu alitueleza jinsi walivyopakia usiku bila taa. Kuna mengine Babu alikataa kuyasema hata kwa Bibi. Tuliandika hivyo hivyo: "Mengine ya vita hakupenda kuyazungumza." Ukoo ukaheshimu.

Sasa, wengi wakishamaliza jeshi wanaruka moja kwa moja hadi hospitali. Hapo ndipo maisha ya mtu yanapopotea. Babu alistaafu 1989, akaishi uraiani zaidi ya miaka 30, muda mrefu kuliko aliokaa jeshini. Ndiyo miaka tuliyomjua sisi. Nendeni mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, mkaulize. Pale mwalo wa Igombe, wachomaji wa sato, mafundi wa mitumbwi, wavuvi wa dagaa wanaosafisha karabai zao asubuhi, kila mmoja alikuwa na lake. Alitengeneza injini za boti. Alikataa hela ya mtu aliyetoka ziwani mikono mitupu. Aliwafundisha watoto kufunga kitanzi kisichokaza wala kulegea. Alikuwa anaizungusha kamba kiunoni mwake, anafumba macho, anamaliza kwa mkono mmoja, kisha anamwambia mtoto, "Vuta." Mtoto anavuta kwa nguvu zote na kitanzi hakisogei. Kijana mmoja mvuvi alitusimulia kwamba kitanzi hicho kilimshikilia kwenye mtumbwi usiku wa dhoruba. Tulimwomba asome mwenyewe aya hiyo siku ya arobaini, na alisoma.

Jambo jingine lililotoka mwaloni: jaketi okozi. Tangu MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ikielekea hapa Mwanza na ndugu zetu ndani, Babu hakuruhusu mjukuu akanyage mtumbwi bila jaketi, hata kama ni kuvuka hapo tu. Mwaka hadi mwaka tarehe hiyo alivaa shati jeupe akaenda Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa siku ile. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, alikuwa mzee tayari, lakini alikaa na redio usiku kucha. Kama babu yako alikuwa mtu wa maji, tafuta alichokifanya majanga haya yalipotokea. Utaona kiapo chake hakikuishia siku aliyovua sare.

Ugonjwa uandikeni kwa sentensi moja. Siku ya maziko watu wanajua alivyoumwa, wengi walimuuguza.

Watoto watajwe wote, kwa majina, kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliotangulia na wale ambao mama zao ni tofauti. Zungumzeni hili na Bibi kabla ya kuchapa, mkiwa faragha, na mwanafamilia anayeheshimika awepo. Mtoto akikosekana kwenye karatasi siku ile, kidonda hicho hakifungiki kirahisi.

Kabla ya kupeleka steshenari, someni kwa sauti nyumbani mbele ya Bibi na mmoja wa wenzake. Bibi alitusahihisha jina la kijiji alikozaliwa Babu, mzee wa Buswelu akasahihisha jina la boti. Msomaji achaguliwe kwa sauti na utulivu, si kwa ukubwa wa nafasi yake kwenye ukoo. Aandikiwe kwa herufi kubwa, maana machozi yanaficha mistari.

Ule wasifu mrefu tulichapa na kujalidi. Nakala moja iko sandukuni, nyingine kwa mzee wa Buswelu, nyingine kwa kila mtoto wa Babu, na rekodi za sauti zimehifadhiwa kwenye simu tatu tofauti. Mwishoni tuliacha kurasa tupu, na sharti ni kwamba mwenye nyongeza aandike jina lake na tarehe. Baba mdogo wa Musoma alipiga simu juzi: anasema injini ya kwanza Babu aliyoitengeneza baada ya kustaafu ilikuwa ya boti ya kwenda Ukara, si Kome kama tulivyoandika, na mwenye boti bado yupo hai. Shangazi anakwenda kumwona Jumamosi.