Kabla Hujatundika Mzinga, Ijue Siku ya Nyuki

Kabla ya kununua mbao, chukua siku moja ukae shambani uwaangalie nyuki wanavyoshinda. Mnazi mfupi uliotoa karara, yaani shada la maua yake, unatosha. Fika jua linapochomoza, kaa mpaka saa 4, kisha rudi alasiri. Mara nyingi utawakuta wengi asubuhi, jua likiwa kali wanapungua, na alasiri wanazidi tena. Kila ua lina saa yake ya kutoa maji matamu, na nyuki huikumbuka saa hiyo, kesho akaja wakati ule ule. Tazama na miguu yake ya nyuma: vidonge vya chavua alivyobeba huwa vya rangi moja, kwa sababu safari moja kwa kawaida ni ya maua ya namna moja. Ziandike rangi hizo. Zitakuonesha shamba lako linawalisha kwa miti mingapi.

Sasa lipime eneo. Nyuki anaweza kuruka mbali, lakini kazi yake nyingi huwa ndani ya kilomita 3 kutoka mzingani. Pemba yetu ni nyembamba. Ukiuweka mzinga ufukweni, nusu ya duara hilo ni bahari. Haidhuru kama pana mikoko, maana mchu, ambao ni namna moja ya mikoko, ukichanua huwavuta nyuki sana. Lakini pakiwa ni uwanda wa mawe mtupu, sogea ndani ya kisiwa. Na tafadhali usiitegemee mikarafuu. Nimeona wengi wakipanga mizinga chini yake kwa kuwa ni mingi na inanukia. Karafuu tunaichuma kabla ua halijafunguka, na ua lililofumba halimpi nyuki kitu. Mnazi ndio wa kutumainiwa, kwani hutoa makarara mwaka mzima.

Maji yawepo kabla ya nyuki. Wanayahitaji kupoza mzinga, kwani sehemu ya watoto wao hukaa karibu nyuzi joto 35 hata jua liwake vipi. Weka beseni lenye makumbi yanayoelea wapate pa kutua. Wakishazoea kisima cha jirani, kuwatoa ni kazi, na wanaoteka maji ndio watakaoumwa.

Mahali pa mzinga pachague mara moja. Mzinga wangu wa kwanza niliutundika juu ya njia ya kisimani. Mama mmoja akaumwa, nami kwa haraka nikauhamisha mchana, hatua 30 tu. Jioni nyuki waliokuwa malishoni walirudi kwenye tawi lile tupu, wakajikusanya pale pale. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi nikawakuta wengi chini wamekufa. Mpaka leo linaniuma. Nyuki akitoka kutafuta chakula hushika mahali, hashiki mzinga. Kwa hiyo mdomo wa mzinga uelekee kichakani, mbali na njia, na mgongo wake uwe upande wa kusi.

Majirani wanaopiga dawa kwenye mboga uwaendee mapema, uwaombe wapige magharibi nyuki wakisharudi, tena wasiyaguse maua yaliyochanua.

Halafu masika. Mvua ikishika hawatoki, na siku hizo hula walichokiweka. Ukivuna Februari, waachie masega kadhaa yaliyojaa. Mzinga uliokombwa wote kabla ya Machi, Aprili unaweza kuukuta mtupu, nyuki wamehama.