Maneno ya kujituliza kabla na baada ya operesheni, jinsi ninavyowafundisha wagonjwa wangu

Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji hapa Kampala, miaka mingi sasa, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya jioni kabla ya operesheni, kukaa na mgonjwa dakika kumi tunapanga maneno yake. Naandika kama ninavyoongea pale kitandani, kwahiyo nikirukaruka mnisamehe.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipopasuliwa ngiri, mimi nesi mzima, nililala pale nasema kimoyomoyo "siogopi, siogopi, siogopi", mwenzangu ananipima presha akakuta ya juu ni 160, akacheka akaniuliza, ssebo (yaani bwana), hiyo usiyoogopa ni nini? Moyo ukidanganywa unajua. Mwaka 2009 watafiti wa Canada, mmoja wao Joanne Wood, waliona jambo la namna hiyo, watu wasiojithamini walipoambiwa wajirudie kuwa wao ni wa kupendwa walijisikia vibaya zaidi. Sa usianze na maneno matamu.

Hatua ya kwanza ni kutafuta unachoogopa hasa. "Operesheni" sio jibu. Mwingine anaogopa kutoamka, mwingine sindano ya mgongo, mwingine hela, mwingine nani atawapikia watoto. Kuna mama alitoka Tororo kuja kutolewa uvimbe kwenye kizazi, tukaongea weee, kumbe anachoogopa ni kuamka na dawa kichwani akaropoka mambo ya nyumbani mbele ya mama mkwe wake ambaye ndo alikuwa atendanti, yaani ndugu wa kumhudumia wodini! Hapo sikumpa sentensi yoyote, tulimpigia dada yake simu akaja kukaa yeye. Kinachorekebishika kirekebishe kwanza, na kama ni swali, muulize daktari wa nusu kaputi akija kukuona, usimwonee aibu.

Hatua ya pili, kinachobaki ndo utakiandikia maneno. Sentensi tatu tu, kila moja itoshe kwenye pumzi moja, na iwe ya kweli sasa hivi hata kama unatetemeka. Mfano: "Naogopa, na bado napumua vizuri." Au "Kuna mtu kazi yake leo ni kunichunga mimi tu", hiyo ni kweli kabisa, mtu wa nusu kaputi anakaa pale kichwani kwako muda wote anaangalia moyo na pumzi. Au "Mwili wangu ulishafunga vidonda vingi." Usijiahidi "kesho sitasikia maumivu", maana utayasikia alafu utaona kila kitu kimeharibika. Tumia lugha inayokutuliza, nimeona watu wa Kiswahili safi mchana kutwa lakini usiku wanatulia kwa Kinubi, kwa Lusamia, kwa Lugbara. Mwenye aya au dua yake aiweke, hiyo mimi sigusi.

Hatua ya tatu ni mazoezi, na wengi wanairuka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu kwa mdomo mpaka 6, na sentensi ipite wakati wa kutoa, kwasababu ni kule kutoa taratibu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Fanya siku kadhaa kabla, ukiwa umetulia, hata ndani ya taksi kwenye foleni ya Jinja Road. Jirekodi kwenye simu usikilize usiku. Ujerumani kuna utafiti uliotoka 2020, wagonjwa 385, nusu yao waliwekewa muziki na maneno ya kutuliza masikioni wakiwa wamelala nusu kaputi kabisa, na baadae walihitaji dawa kidogo za maumivu kuliko wenzao. Kwetu mara nyingi simu inabaki na atendanti, kwahiyo sentensi ziwe kichwani.

Asubuhi yenyewe: njaa. Kawaida chakula cha mwisho ni masaa 6 kabla ya operesheni, maji matupu masaa 2 kabla, ila fuata ulivyoambiwa wewe, na usile rolex (chapati ya mayai) ya kujificha maana chakula kikitoka tumboni kikaingia mapafuni ni hatari kweli. Alafu jiandae kusogezwa. Umeshavaa gauni, mara inaletwa ajali ya boda au mama wa kujifungua, anapita mbele yako. Hapo ndo watu wanalipuka, so weka sentensi ya akiba: "Zamu yangu ipo, huyu hana muda." Ukifika mezani kuna baridi, kuna taa, watu wamefunika nyuso. Kile kitambaa cha presha kikikubana mkono, kifanye kiwe alama yako, kila kikibana unatoa pumzi na sentensi.

Baada ya operesheni badilisha maneno. Ukiamka unaweza kutetemeka, koo kukauka, kichefuchefu, hayo yanatokea sana. Anza na "Imeisha, niko wodini." Kesho yake kila neno lishike kitendo: kukaa, kukohoa ukiwa umekumbatia mto kama mshono uko tumboni, kutembea. "Hatua tano mpaka dirishani", basi, usiwaze geti.

Ila maneno sio dawa ya maumivu! Ikiuma ita nesi, usijikaze ukidhani ndo ushujaa. Na damu nyingi, homa, usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata, hapo acha sentensi zote upige kelele.

Kitu cha mwisho ni wageni. Kuna wale wanaokuja na matunda na hadithi ya jirani aliyepasuliwa hivohivo akafa. Mpange atendanti wako mapema awapokee kwenye korido, matunda yaingie, hadithi ibaki hukohuko nje.