Somo: Kupata chumba cha kupanga Mwanza baada ya kumaliza kifungo

Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuishi mahali popote katika Jamhuri ya Muungano, lakini aliyetoka Gereza la Butimba akiwa na mfuko mmoja wa nguo anajua kwamba haki hiyo peke yake haimpatii chumba.

Hatua ya kwanza ni utambulisho. Kama kitambulisho cha NIDA kimepotea, kifuatilie mapema, na karatasi uliyopewa siku ya kutoka gerezani uitunze.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: usianze na dalali. Dalali hudai malipo yake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja, na hana sababu ya kukutetea. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa unaotaka kuhamia, ukiongozana na mtu anayeheshimika hapo, awe shangazi yako, fundi aliyekupa kazi, katekista au imamu. Iwe Igoma au Mkolani, habari hazikawii kufika; mwenye nyumba akizisikia kwa jirani ataona amedanganywa, bali akizisikia kwako mwenyewe, na kiongozi wa mtaa anakufahamu, atakuwa na jambo la kupima.

Hatua ya tatu, zungumza na mwenye nyumba kabla hujatoa fedha. Taja kosa, mwaka uliotoka na kazi unayofanya sasa. Kesi nzima usiisimulie.

Hatua ya nne ni mkataba wa maandishi wenye mashahidi, kodi, muda na notisi.

Maswali ya wanachama

*Nimelipa miezi sita. Mwezi wa pili mwenye nyumba amesikia habari zangu, anataka nihame kesho. Nifanyeje?*

Pole sana, ndugu yangu. Usigombane naye mlangoni, kwa kuwa ugomvi ukifika polisi, historia yako itatangulia maelezo yako. Peleka mkataba na risiti kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Ikishindikana, tafuta msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 akuelekeze pa kufungua shauri.

*Je, kaka yangu apange kwa jina lake?*

Sishauri hivyo. Mkikosana, chumba ni chake kwa maandishi. Mwombe awe shahidi, na jina la mpangaji libaki lako.